Uzoefu wangu: kupimiwa giaboksi ya NZE ya zamani hapa Malindi

Naandika hii kwa wenye gari oto (zinazobadilisha gia zenyewe) za zamani hapa pwani, hasa walioambiwa "giaboksi imekufa, tafuta ingine" na mtu ambaye hata hajaiendesha hio gari. Yangu ni Toyota Corolla NZE 121 ya mwaka 2004, oto ya gia nne, na kazi yake kubwa ni kupeleka oda za keki na mikate ya sinia kutoka Maweni mpaka Watamu, kwa hivo ikianza kugonga gia mimi naiona hasara kwenye maboksi ya keki.

Shida ilikua hivi. Asubuhi ukitia D (ya kwenda mbele) inakaa kidogo kama haijasikia, alafu inaingia kwa kishindo. Ukitia R (ya kurudi nyuma) ndio kabisa, unasikia dum! chini mpaka usukani unatikisika. Na ikishapata moto, ikitoka gia ya pili kuingia ya tatu inasita kisha inaruka. Gereji ya kwanza wakavuta kijiti cha oili gari ikiwa imezimwa, wakaona oili imejaa, wakanambia basi giaboksi ndio imeisha, niagize ya kutoka Japani pale Mombasa. Hapo hapo wakanitajia bei. Sikukubali, sababu hakuna alichopima mtu.

Sasa huduma ninayotaka kuisifu. Kuna fundi upande wa barabara ya kwenda Mombasa, yeye ni oto tu, na kupima anatoza kando: nililipa 2,500, utengeneze kwake usitengeneze shauri yako. Najua wengi hapo ndipo wanapogeuza gari, tumezoea fundi kutazama bure. Lakini fundi asiyelipwa kupima atalipwa kwa kubadilisha spea, kwa hivo lazima akute spea ya kubadilisha. Mimi hio pesa niliitoa kwa roho safi na ningeitoa tena.

Kwanza hakugusa gari, aliuliza. "Dada, inagonga ikiwa baridi ama ikiwa moto? Umesimama ama unakwenda? Kutoka gia gani kwenda gia gani?" Mpaka nikamjibu yote ndio akasema twende. Tukashika njia mpaka Gede tukarudi, oili ipate moto vizuri. Tulivyorudi akaipaki kwenye simiti iliyolala sawa, hendibreki juu, injini hakuizima, akapitisha gia pole pole kutoka P (ya kupaki) mpaka L (gia ya chini kabisa) akairudisha P, ndio akavuta kijiti. Hivi ndivyo oto ya Toyota kama hii inavyopimwa, injini inanguruma na oili iko moto. Ukiizima, oili iliyokua inazunguka huko juu inateremka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya giaboksi), na kijiti kinakudanganya kwamba iko nyingi. Yangu ilikua chini kabisa ya alama ya HOT, ile ya oili ikiwa moto. Yaani ile "imejaa" ya gereji ya kwanza ilikua upungufu!

Akadondosha tone kwenye tishu nyeupe akanionesha. Rangi ya hudhurungi, lakini wekundu bado upo, haina harufu ya kuungua wala chenga za chuma. Akasema ingekua nyeusi na inanuka tungeongea maneno mengine. Alafu akaingia chini na tochi, akakuta sili (raba ya kuzuia oili) ya shafti ya tairi ya upande wa kushoto imelowa mpaka vumbi limeganda. Oili ilikua inatokea hapo kidogo kidogo, hata chini kwenye paki huoni doa la maana.

Akachukua simu akapima muda wa gia kushika: kutoka N (gia huru) kwenda D Toyota wanataka isifike sekunde 1.2, na kutoka N kwenda R isifike 1.5. Yangu ilizidi zote mbili, na kwa oili pungufu vile ndivyo inavyotarajiwa, presha inachelewa kujaa, ikijaa gia inashika kwa nguvu. Ile testi ya kukanyaga breki na mafuta mpaka mwisho alikataa, akasema ni sekunde 5 tu mwisho wake na kwa giaboksi yenye oili chini ni kuiua kwa mikono yako.

Ile dum ya R ikaja kua kitu kingine kabisa. Akafungua boneti, mimi nikakanyaga breki nikawa natia R, natia D, naye anatazama injini: inanyanyuka inaanguka. Maunti ya nyuma (kinachoshikilia injini isitikisike) raba imekatika. Kwa hivo kile kishindo kilichokua kinanitisha zaidi ya vyote hakikutoka ndani ya giaboksi hata kidogo, ni injini inajibamiza.

Mwisho kabisa ndio akachomeka mashine ya kusoma kompyuta. Kosa hakuna. Na hili nataka mlisikie vizuri, sababu hapa mjini kuna watu wanachomeka ile mashine dakika mbili na wanaita hio ndio kupima. Kompyuta ya gari za umri huu inaona zaidi mambo ya umeme, waya wa solenoidi (valvu ndogo ya umeme ya giaboksi) umekatika, sensa imekufa. Oili kupungua ama raba kukatika haiwezi kukwambia.

Nikamwachia atengeneze. Sili mpya, maunti mpya, oili ya zamani akaimwaga na kutia mpya, ATF (oili ya giaboksi za oto) ya T-IV, na hio T-IV imeandikwa kwenye kijiti chenyewe kwa hivo usikubali kuuziwa WS eti nayo ni ya Toyota, ile ni nyepesi na haifai kwa giaboksi iliyojengewa T-IV. Asubuhi ya pili nikatia D ikaingia kimya. R kimya. Nilifurahi jamani, mwanangu akaniuliza mama unacheka nini.

Yasiyonipendeza pia niseme. Anachelewa, sili ilibidi ingoje kutoka Mombasa na hakunipigia simu kunambia, nikawa naajiri tuktuk kupeleka oda. Hakupi karatasi ya majibu, mimi niliandika mwenyewe kwenye simu. Mafuta ya kujaribia ni yako. Na pa kukaa ukisubiri hamna, jua lote lako.

Na gia ya pili kwenda ya tatu haijaisha kabisa. Imepungua sana, lakini nikikwama foleni ya sokoni na AC inafanya kazi bado kuna kamshtuko. Hakunificha, alisema mapema kwamba kumwaga kunatoa kama lita 3 tu kati ya karibu 7 zilizomo, zingine zimebaki ndani ya konveta (inayounganisha injini na giaboksi kwa oili), kwa hivo nitembee nayo kiasi kisha turudie. Ikibaki hivo hivo ndio apime solenoidi za kuhamisha gia, zinatakiwa zisome ohm 11 mpaka 15 zikiwa baridi, kabla ya mtu yeyote kufikiria kufungua valvu bodi (inayogawa oili ya kubadilisha gia). Mimi mpango huu naukubali, una ngazi na kila ngazi bei yake naijua kabla.

Ukienda, mpelekee jioni uiache ilale kwake. Gari ikishaendeshwa kutoka nyumbani inafika tayari ina moto, na ile shida ya asubuhi haioni.