Riwaya za kisayansi na za njozi kwa masikio: zipi zinasikilizika na zipi zinachosha

Riwaya ya mapenzi au ya upelelezi ukiisikiliza, jina likikuponyoka utalidaka mbele ya safari. Kwenye riwaya za kisayansi na za njozi haiko hivyo. Jina likikuponyoka, huenda ni sayari nzima au ukoo mzima wa wafalme umekupita, na huna ukurasa wa kurudi kuchungulia. Ndiyo maana vitabu vya namna hii mimi sivichagui kwa sifa za mwandishi peke yake. Naangalia na aliyekisoma ni nani. Maduka mengi hutoa kionjo cha dakika chache bure. Humo nasikiliza mambo mawili: majina mageni anayatamka vilevile kila yanaporudi? Na watu wawili wakijibizana, nawatofautisha kabla sijaambiwa nani kasema?

Kwa vipimo hivyo, Project Hail Mary cha Andy Weir (2021), kilichosomwa na Ray Porter kwa saa 16 na kidogo, nakiweka juu kabisa. Mna kiumbe wa kutoka mbali ambaye lugha yake ni milio ya muziki. Kwenye karatasi mwandishi amelazimika kuchora alama za noti. Kwenye rekodi unausikia mlio wenyewe pamoja na maneno yake, na baada ya muda sikio lako linamtambua kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Hapa cha kusikiliza kimekipita cha kusoma, bila ubishi. Tena msimulizi ni mmoja, wa nafsi ya kwanza, hivyo hupotei ovyo. Jihadhari tu na miruko ya wakati: hadithi inatoka chomboni angani na kurudi kwenye kumbukumbu za duniani. Ukiwa umebanwa kwenye daladala ya kwenda Mtumba, ukasimamisha katikati ya sura kwa ajili ya kushuka, rudisha nyuma sekunde 30 kabla hujaendelea, la sivyo utadhani mtu aliye Marekani yumo chomboni.

Dune cha Frank Herbert, toleo la kusikiliza la mwaka 2007, limenipa shida zaidi, na nasema hivyo nikiwa nakipenda kitabu chenyewe. Ni saa 21. Msomaji mkuu ni Simon Vance, na sauti yake haina doa. Lakini baadhi ya sura wanaingia wasomaji wengine kuigiza wahusika, halafu sura zinazofuata wanatoweka na Vance anabaki peke yake na wahusika walewale. Mtu mmoja anakuwa na sauti mbili. Baron Harkonnen, adui mkuu wa hadithi, ndiye anayeumia zaidi kwa hilo, maana sauti yake ya uigizaji ni nzito sana, na ikiondoka unamtafuta. Jambo la pili: kitabu cha karatasi kina faharasa ya istilahi mwishoni, nawe unaposikiliza huwezi kufunua. Kwa saa mbili za kwanza kaa na kikaratasi uandike majina kumi tu ya watu na koo zao. Programu ya Smart AudioBook Player ina mahali pa kuandika orodha ya wahusika ndani ya kitabu chenyewe, nayo inafaa sana kwa kazi hii.

Anayeanza nisingempa Dune. Ningempa Binti cha Nnedi Okorafor (2015), kinachosomwa na Robin Miles. Ni takribani saa mbili na nusu. Unakimaliza kabla treni ya SGR iliyotoka Dodoma haijaingia Dar es Salaam. Msichana wa Kihimba, kabila la Namibia, anatoroka kwao kwenda chuo kikuu cha sayari nyingine, amejipaka udongo wake mwekundu, na wahusika ni wachache, hawachanganyi. Robin Miles haharakishi maneno ya Kiafrika kana kwamba yanamuunguza mdomo, jambo linaloharibu rekodi nyingi za hadithi zetu.

Kuhusu malipo, uanachama wa Audible (duka la mtandaoni la vitabu vya kusikiliza) wa Marekani wa dola 14.95 kwa mwezi unakupa haki ya kitabu kimoja, kiwe cha saa mbili au cha saa arobaini. Kwa hiyo, haki hiyo usiitumie kwa Binti; kitabu kifupi kinunue kwa bei yake ya fedha taslimu, haki ya mwezi uichukulie kitabu kirefu. Ukijitoa, vitabu ulivyochukua vinabaki vyako, ila haki ambazo hujazitumia zinapotea. Zimalize kwanza.

Asiyetaka kulipa aende LibriVox, ambako watu wa kujitolea wamekuwa wakisoma vitabu vilivyoisha hakimiliki tangu 2005. The War of the Worlds cha H. G. Wells (1898) kipo humo, tena kwa zaidi ya toleo moja. Chagua lililosomwa na mtu mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Yale ya kupokezana, sura hii mzee wa Kiingereza, sura ijayo kijana wa Marekani, yanakata utamu. Kina sura 27, kama saa sita na nusu au saba. Kwa ubora wa 64 kbps, saa moja inakula karibu MB 29, kitabu kizima MB 200; kwa 128 kbps zidisha mara mbili. Kwa sauti ya mtu anayesoma tu, 64 inatosha kabisa. Okoa bando.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la faili kuvurugika. Mtu anabadili majina ya faili kuwa 1, 2, 3 hadi 27, halafu simu inacheza 1, kisha 10, kisha 11, na Wamarsi, wavamizi wa Wells kutoka sayari ya Mars, wanakufa kabla hawajatoka chomboni mwao. Anza na sifuri: 01, 02, 03. Redio ndogo za kuchomeka memori kadi ni tabu nyingine, kwani nyingi hazijali majina hata kidogo; zinafuata mpangilio ambao faili ziliingizwa kwenye kadi. Dawa yake: fomati kadi upya kwa FAT32, halafu nakili sura moja baada ya nyingine kwa zamu, usizibebe zote kwa mpigo. Na kwenye simu usitumie programu ya muziki, maana haikumbuki uliishia wapi. Tumia ya vitabu, na kwenye mipangilio ya betri iruhusu kufanya kazi bila kizuizi, la sivyo simu itaizima kimyakimya.

Kasi naacha 1.0. Kwa Kiingereza kigumu cha Wells, 0.9. Ukipita 1.25 majina ya kubuni yanayeyuka. Kwa upepo wa Dodoma wa katikati ya mwaka na muungurumo wa bajaji, hedifoni zenye mpira wa kuziba sikio zinasaidia kuliko kuongeza sauti. Ukifika asilimia 80 ya sauti ya simu na bado husikii, ahirisha sura hiyo hadi ufike nyumbani.

Ninachokililia ni kitabu cha kusikiliza cha kwetu. Kusadikika cha Shaaban Robert (1951) ni nchi iliyo angani, na sehemu kubwa yake ni Karama amesimama mahakamani akijitetea kwa kusimulia safari za wajumbe sita. Hicho ni kitabu cha mdomo na sikio tangu sentensi ya kwanza. Walenisi cha Katama Mkangi (1995) nacho kina chombo cha kuruka na nchi ya ajabu mwisho wa safari. Wachapishaji wapate msomaji mmoja mwenye Kiswahili kilichotulia, chumba chenye mapazia mazito yasiyorudisha mwangwi, na subira ya kurudia kila sentensi aliyojikwaa. Nitanunua siku hiyohiyo.