Kodiani inayoijua nafasi yake: mapitio ya albamu ya Celina da Piedade

Albamu ya Em Casa, aliyoitoa mwanamuziki wa Ureno Celina da Piedade mwaka 2012, si mpya, lakini ni miongoni mwa kazi za muziki wa asili wa Ulaya ambazo ningemshauri mpenzi yeyote wa kwaya hapa Mbeya azisikilize kwa utulivu. Celina hupiga kodiani huku akiimba, na watu wengi walimfahamu kwanza katika kundi la Cinema Ensemble la mtunzi Rodrigo Leão. Humu, nyimbo za mapokeo zimechanganywa na za kutungwa.

Muziki wa Celina una mizizi mirefu Alentejo, nyanda za ngano za kusini mwa Ureno, ambako vibarua wa mashamba na wachimba madini walizoea kuimba kwa makundi bila ala yoyote. Mmoja, anayeitwa ponto, huanzisha ubeti. Wa pili, alto, huupokea kwa sauti ya juu zaidi. Kisha kundi zima huingia taratibu, bila haraka hata kidogo. Uimbaji huo, unaoitwa cante, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Aliyekulia Rungwe au Kyela, akazoea nyimbo zinazoanzishwa na mmoja na kuitikiwa na wengi, shambani na kanisani, hatahitaji kuelekezwa mahali pa kuitikia.

Kuuwekea ala uimbaji wa namna hiyo ni jambo la hatari, na hapo ndipo ninapomvulia kofia Celina. Kodiani ina sauti kubwa, na katika taarabu ya Zanzibar tumezoea kuisikia ikijibizana na fidla na ganuni. Yeye huiacha ishike noti moja ndefu chini ya ubeti, kisha huifungulia pale tu sauti yake inapopumzika. Ukisikiliza kwa makini, unausikia hata mvukuto ukivuta hewa kabla ya mstari kuanza, kama mwimbaji wa pili anayejiandaa kuingia. Laiti wapiga vinanda wa kwaya zetu wangelisikia hili! Tunazo sauti nne zilizopangwa vizuri sana, lakini mara nyingi zinafunikwa na mdundo uliorekodiwa tayari ndani ya kinanda, hata maneno ya wimbo hayasikiki.

Nyimbo za kutungwa zimeshonwa pamoja na za mapokeo kwa ustadi, kwa sababu nazo zimebaki na mistari mifupi inayoimbika na watu wengi kwa pamoja. Kasoro ninayoiona ni urefu: kazi hii ni ya diski mbili, na zikisikilizwa mfululizo, masikio huchoka kabla nyimbo za mwisho hazijapata haki yake. Ni afadhali kusikiliza diski moja kwa siku.

Usiisikilize kwa spika ya simu, maana besi ya kodiani hupotea kabisa na kubaki mlio mwembamba usiomtendea haki mpigaji. Tumia spika nzuri au vipokea sauti vya masikioni. Ukivutiwa, endelea na O Cante das Ervas ya mwaka 2014, kazi yake nyingine iliyokaa karibu zaidi na uimbaji wa Alentejo.