Siku Mbili Mlima Elgon: Pango Zuri, Wakala Mzembe

Tulitoka Kisumu alfajiri, mimi, mke wangu, watoto watatu na mama mkwe, tukapitia Kitale hadi lango la Chorlim la Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, tukiwa tumemlipa wakala mmoja wa safari ambaye sitamtaja jina.

Kilichotukonga nyoyo ni pango la Kitum, linaloingia mlimani kiasi cha mita 200, ambamo tembo huingia usiku kuchokonoa kuta kwa pembe zao ili wapate chumvi. Binti yangu alipitisha kidole kwenye mfereji mmoja uliochimbwa na pembe, naye alikuwa karibu kukiramba nilipomdaka mkono. Pango hilo lina popo, na mwaka 1980 na 1987 watu waliokuwa wamelizuru waliugua homa ya Marburg, ugonjwa hatari wa virusi vinavyobebwa na popo, lakini wakala hakutupa barakoa wala onyo lolote. Uzembe huo siusamehe. Chakula chake cha mchana, mkate na soda vuguvugu, nakisamehe.

Jioni ilikuwa bora zaidi. Tulikaribishwa na familia ya Wasabaoti, jamii ambayo baadhi ya wazee wake waliishi mapangoni pamoja na mifugo yao, na mama mwenyeji akatuonyesha jinsi kibuyu kinavyosuguliwa ndani kwa kijinga cha mti kabla ya kutiwa maziwa ya mursik, yaani maziwa yaliyochachushwa. Mama mkwe aliomba kikombe cha pili. Watoto walikunja nyuso.

Tutarudi Januari, barabara zikiwa kavu, na barakoa nitazinunua mwenyewe Kitale.