Miezi sita karakanani nikijifunza kutengeneza sanamu: uzoefu wangu

Hii si mara yangu ya kwanza kulipia mafunzo ya sanamu. Mara ya kwanza, mahali pengine, nilirudi nyumbani na sanamu nzuri sana isiyo yangu. Mwalimu alikuwa akiona nimekwama anasema "lete kidogo", na kidole chake kikishagusa udongo hakitoki mpaka shavu limekamilika. Nilisifiwa na kila aliyeiona. Nilipojaribu nyingine peke yangu nikapata bonge lenye macho.

Kwa hiyo safari hii nilichagua karakana yenye warsha za vitendo kwa wiki 12, kisha miezi mitatu ya ulezi chini ya msanii mmoja, mnaonana kila baada ya wiki mbili. Tulimwita Fundi.

Wiki ya kwanza hatukutengeneza chochote. Ni kukanda udongo tu, kuukunja na kuusukuma kwa viganja hadi unyevu uenee sawasawa, na mabega yanawaka moto. Niliona pesa yangu inapotea. Wiki ya tano nilipoona ufa kwenye kazi ya jirani yangu aliyekanda kwa haraka, nilinyamaza.

Kazi kubwa ilikuwa kichwa cha mtu. Nilianza na pua, kama waanzao wote, na nikaipenda. Fundi alikuja, akazima taa ya juu, akaacha moja tu ya ubavuni, akaizungusha meza yangu taratibu. Kwa mbele, uso. Kwa upande, sahani. Sikuwa na fuvu kabisa; masikio nilikuwa nimeyabandika karibu na macho, ilhali nyuma ya sikio kuna karibu nusu nzima ya kichwa. Akanipa waya wa kukatia udongo. "Pua ni nzuri, ila imekaa pasipo pake. Ikate." Niliikata mwenyewe. Mikono yake ilikuwa mfukoni muda wote, na miezi yote sita sikumwona akigusa kazi ya mwanafunzi hata mara moja.

Kwangu mimi hapo ndipo thamani ya huduma hii ilipo: unalipia jicho lake, mikono unaleta yako. Brancusi, mchongaji kutoka Romania, aliingia kwenye karakana ya Rodin, mchongaji mashuhuri wa Ufaransa, mwaka 1907 na akaondoka baada ya muda mfupi tu, kisha akafuata njia yake. Si kila mwanagenzi ana ujasiri huo, kwa hiyo ni bora mlezi ajue mwenyewe kukaa kando.

Vipindi vya ulezi ni vifupi kuliko nilivyotarajia, na vingine nilitoka na swali moja tu. "Uzito wake umeegemea mguu gani?" Nilitembea na swali hilo wiki mbili, nikiwatazama watu waliosimama kwenye foleni.

Sasa malalamiko. Kundi lilikuwa kubwa mno kwa meza zilizopo, na vifaa vya kukwangulia vilikuwa vichache. Njoo na vyako. Lakini kilichoniuma ni tanuri. Kichwa kikishafinyangwa hukatwa utosi kama kifuniko, unachimba ndani mpaka ukuta ubaki unene wa kidole gumba, kisha unakwaruza kingo, unapaka uji wa udongo na kukirudisha. Nilifanya yote hayo. Siku ya kuchoma niliweka shingo ya sanamu shavuni mwangu, ikawa ya baridi, dalili kwamba bado ina maji. Nikasema. Msimamizi wa tanuri, aliyekuwa anakimbizana na tarehe ya maonyesho, akajibu kwamba itakaukia humo humo.

Haikukauka. Wengi husema hewa ndiyo inayopasua sanamu, lakini hewa kavu haina neno. Ni maji yanayogeuka mvuke joto likipita nyuzi 100, na udongo mnene hauuachii mvuke njia. Kilichobaki kilizolewa kwa fagio. Waliniomba radhi, wakanipa udongo mwingine bure. Tarehe ya maonyesho haikusogezwa.

Kama unataka kitu cha kupamba sebule ndani ya mwezi, usiende. Kama unaweza kuvumilia kuambiwa ukate pua uliyoifanyia kazi siku tatu, nenda, ila ulizia kwanza nani anaamua kazi iingie lini tanurini.

Kichwa cha pili kipo sasa chini ya kitambaa chenye maji na mfuko wa plastiki. Nimeanza na fuvu. Pua bado hakina.