Vidonge vya kratom kwa maumivu ya mgongo: nyota moja

Nyota moja naitoa kwa sababu maumivu yanapoa kweli. Ninahudumia wazee hapa Houston, kazi ya kuinua watu kitandani, na mgongo umenisumbua miaka. Chupa niliinunua kwenye duka la veipu karibu na kituo cha mafuta, dola 30 na kitu. Muuzaji aliniambia ni majani tu, ya ukoo mmoja na kahawa.

Hilo la kahawa ni kweli. Kratom ni mti wa Thailand, Malaysia na Indonesia, na vibarua wa huko wametafuna majani yake tangu zamani ili wahimili kazi ya jua. Asilolisema muuzaji ni kwamba kemikali iitwayo mitragynine iliyomo hushika vipokezi vilevile vya ubongo vinavyoshikwa na mofini. Ndiyo maana mgongo hutulia. Ndiyo maana pia, mwili ulipokwisha kuzoea, kila nilipochelewa kumeza nilitokwa jasho na makamasi, tumbo likaharisha, miguu ikakataa kutulia usiku. Nimekulia Mombasa, arosto nimeiona kwa vijana wa mtaani. Niliitambua.

Lebo yenyewe haisemi mna miligramu ngapi za mitragynine. Imeandikwa tu "Meza 2 hadi 4", basi! FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haijaidhinisha kratom kutibu ugonjwa wowote. Mwaka 2018 bidhaa za kratom zenye bakteria wa salmonella ziliwafanya waugue watu 199 katika majimbo 41 ya Marekani. Wengine wameumia ini, wakageuka manjano macho na ngozi.

Vibaya zaidi ni vile vidonge vya 7-OH, kemikali nyingine ya kratom iliyokolezwa, vinavyopangwa kaunta kama peremende. Hiyo ina nguvu kuliko jani lenyewe, na Julai 2025 FDA ilipendekeza idhibitiwe kama dawa za kulevya.

Dada na kaka zangu wa kazi hizi, najua bima ni ghali na zamu haingoji. Lakini mwambieni daktari mnachomeza, hasa mkiwa na dawa za usingizi au za msongo wa mawazo. Aliyezoea asikate ghafla peke yake. Aombe apunguziwe polepole. Na ukimkuta mwenzako amelala haamki, pumzi zinakuja kwa mbali, piga 911 na umpulizie puani naloxone, dawa ya kuzuia nguvu za dawa za aina ya mofini. Inauzwa famasi bila cheti cha daktari.