Kodiani ya mtumba ya Kitaliano, besi 80: uzoefu wangu wa miaka mitatu

Niliinunua kwa ajili ya kikundi chetu cha taarabu hapa Unguja. Sauti yake sina neno: nene, inalia kwa huzuni, na ikiitikiana na fidla utadhani zimelelewa nyumba moja. Kwa sauti naipa nyota tano. Kwa ganda lake, mbili.

Siku ya kwanza nilipofungua kasha, ilinipokea harufu ya karafuumaiti. Nikafurahi, nikadhani muuzaji kaweka dawa ya wadudu. Kumbe ni ganda lenyewe lilikuwa linapoteza ulaini wake. Ule mng'aro kama wa chaza ni seluloidi, plastiki ya zamani, yaani nitroselulosi (nyuzi za mimea kama pamba zilizotiwa asidi ya naitriki) iliyolainishwa kwa karafuumaiti. John Wesley Hyatt alipata hataza yake Marekani mwaka 1870. Karafuumaiti haitulii: kwenye joto huyeyukia hewani kidogo kidogo, ganda likanywea na kupasuka.

Nami nikaifungia kashani, chumba cha juu chini ya bati, kaskazi tatu mfululizo. Mwaka wa tatu harufu ikageuka, ikawa inachoma pua kama maji ya betri. Skrubu za shaba zilikuwa zimeota kutu ya kijani, na kitambaa cha ndani ya kasha kimekuwa cha manjano. Pembeni mwa ganda kulikuwa na nyufa za miraba midogo midogo. Nilipopitisha kidole, vipande vilibanduka kama magamba ya samaki. Ndimi nne za besi, yaani vibati vya chuma vinavyotoa sauti, zimeliwa na kutu, hazilii tena. Iliniuma sana.

Kilichotokea ni hiki. Kwenye nitroselulosi, joto hukata kwanza vifungo vya naitreti, ambavyo ni dhaifu. Hutoka naitrojeni dioksidi, ikikutana na unyevu inakuwa asidi, na asidi inarudi kukata vifungo vingine. Gesi ikikosa pa kutokea, uharibifu unakwenda mbio. Baruti isiyo na moshi, ambayo nayo ni ya nitroselulosi, huchakaa kwa njia hiyohiyo, pamoja na nitrogliserini inayotumika kama kilainishi katika baadhi yake, ndiyo maana aghalabu hutiwa kemikali ya difenilamini ya kuinasa gesi hiyo mapema. Kasha langu halikuwa na cha kuinasa.

Sasa inakaa wazi, chumba cha chini chenye upepo. Arusini siruhusu chetezo cha udi kiisogelee, maana seluloidi hushika moto upesi mno.

Ukitaka kuinunua ya aina hii, mwombe muuzaji alifunge kasha usiku kucha, asubuhi ulifungue mwenyewe unuse, kisha umulike skrubu moja moja. Ikikuchoma pua, usiichukue hata kama sauti imekuteka.