Uzoefu wangu na emuleta ya Firestore kwenye programu ya vikoba

Firestore ni hifadhidata ya Google iliyo kwenye huduma zake za Firebase, na kwa kawaida inakaa kwenye wingu, yaani kwenye seva za Google. Wengi wanaokushauri uiendeshe kwenye kompyuta yako badala ya huko huanza na gharama. Kwa mradi mdogo hoja hiyo haina uzito sana. Kiwango cha bure ni kusoma nyaraka (rekodi za hifadhidata) 50,000 na kuandika 20,000 kwa siku, na mtu mmoja anayejaribu kazi yake hakimalizi kirahisi. Kilichonifanya niing'ang'anie emuleta ya Firebase, yaani programu inayoiga Firestore kwenye kompyuta yako, ni kanuni za usalama: faili linalosema nani aruhusiwe kusoma au kuandika nini.

Natengeneza programu ya vikoba. Kila kikundi kina wanachama wake, mweka hazina wake na daftari lake la michango. Simu ya mwanachama inaongea moja kwa moja na hifadhidata, bila seva yangu katikati. Kwa hiyo kinachomzuia mtu wa kikundi kimoja asichungulie akiba ya kikundi kingine ni faili la kanuni, basi. Mstari mmoja ukilegea, akiba za akina mama wa watu ziko uchi. Jambo la namna hiyo silijaribii kwenye data halisi.

Kuisakinisha emuleta hakusumbui. Unahitaji Node na Java (programu zinazoendesha zana hizi), unasakinisha zana za Firebase, kisha unaandika firebase emulators:start. Mara ya kwanza inapakua faili lake, kwa hiyo andaa bando. Baada ya hapo inapiga kazi hata mtandao ukikata. Firestore inasikiliza poti 8080, na ukurasa wa kuitazama unafunguka kwenye kivinjari kwa poti 4000. Ukitumia simu ya kuigiza ya Android, anwani ya kompyuta yako huwa 10.0.2.2, si localhost (jina ambalo kompyuta hujiitia yenyewe).

Utamu wake uko kwenye majaribio ya kanuni. Kuna maktaba iitwayo @firebase/rules-unit-testing inayokuruhusu kujifanya mtumiaji yeyote bila nywila: unampa kitambulisho tu. Jaribio ninalolithamini kuliko yote linakwenda hivi. Mweka hazina anaandika mchango wa mwanachama, Sh 20,000, anaruhusiwa. Mweka hazina huyo huyo anarudi kuugeuza uwe Sh 2,000; lazima akataliwe, kwa sababu katika programu yetu mchango ukishaandikwa haufutwi wala hauguswi, kosa linaandikiwa mstari wake wa masahihisho. Halafu mwanachama wa kikundi cha jirani anajaribu kuusoma. Naye lazima agonge mwamba. Nikihariri kanuni na jaribio mojawapo likaanguka, nafungua sehemu ya maombi kwenye ule ukurasa wa poti 4000. Kila ombi limeorodheshwa, limeruhusiwa au limekataliwa, na ukilibonyeza unaona jinsi kanuni zako zilivyopimwa, mstari kwa mstari. Kwa kazi ya kanuni sitaki tena kukisia.

Angalizo moja hapo: msimbo unaotumia maktaba ya upande wa seva, yaani Admin SDK, huzipita kanuni zote. Majaribio yakipitia huko yatafaulu hata kama mlango uko wazi kabisa. Yapitishe njia ile ile inayopitiwa na simu.

Sasa pale isipofanana na Firestore ya kweli. Kubwa ni indeksi za pamoja, yaani orodha za kutafutia kwa vigezo kadhaa kwa mpigo. Ukitafuta michango ya kikundi fulani yenye hali fulani, ikipangwa kwa tarehe, wingu linadai indeksi iliyoandaliwa kabla. Isipokuwepo, ombi linakataliwa na unapewa kiungo cha kuiunda. Emuleta haifuatilii indeksi hizo kabisa, inajibu kila utafutaji ulio halali. Ndiyo maana nina mradi mwingine wa majaribio kwenye wingu, na kila skrini mpya yenye utafutaji inapitia huko kabla ya kwenda kwa watumiaji. Pili, miamala ya hifadhidata (si ya pesa), yaani mabadiliko yanayofanyika yote kwa pamoja au yasifanyike kabisa: watu wawili wakiandika waraka mmoja kwa wakati mmoja, emuleta inaweza kushikilia kufuli hadi sekunde 30, kwa hiyo usiitumie kupima kasi.

Data inakaa kwenye kumbukumbu ya muda. Chaguo la --export-on-exit huihifadhi unapoifunga kwa utaratibu, lakini umeme ukikatika na unatumia kompyuta ya mezani, hakuna kilichohifadhiwa. Mimi natumia hati fupi ya msimbo inayojaza vikundi viwili vya mfano kila ninapoanza, na naona ni bora zaidi, maana kila jaribio linaanzia mahali pamoja. Hati hiyo inaelekezwa kwenye emuleta kwa kigezo FIRESTORE_EMULATOR_HOST.

Kwa anayeanza leo, upe mradi wako wa majaribio jina linaloanza na demo-. Ukifanya hivyo, emuleta zinajua kwamba hakuna mradi halisi nyuma yake, na msimbo ukijaribu kugusa huduma ambayo hukuiwasha kwenye kompyuta yako, unashindwa badala ya kwenda kuigusa ile ya wingu. Halafu majaribio yaendeshe kwa firebase emulators:exec: inawasha emuleta, inayapitisha, inazima yenyewe, na lolote likianguka inatoa msimbo wa kosa. Kwangu mimi amri hiyo imefungwa kwenye hatua ya kupeleka kanuni, na ikitoa kosa, kanuni haziendi.